Kituo kimoja -29, kingine -34, kingine -37, mji mmoja, saa moja: jinsi ya kuhakiki vifaa vya hali ya hewa kwenye baridi kali (uzi mrefu)

#1 Mwangazi wa Zamani (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Wiki iliyopita, kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa Winnipeg, watu watatu walirusha picha za vituo vyao vya nyumbani asubuhi moja. Wa kwanza -29, wa pili -34, wa tatu -37. Uwanja wa ndege ulikuwa umetangaza -34. Mabishano yakawaka, kila mtu anatetea chake. Mwisho yule wa -37 akaingia kwenye mipangilio, akaongeza nyuzi 3, akaandika "tayari, sasa kimekaa sawa".

Sikulala vizuri siku ile. Kosa hilo nililifanya mimi mwaka wangu wa kwanza na kituo, na nikaharibu kumbukumbu za miezi minne ambazo siwezi kuzirudisha.

Kwa msionifahamu: kabla ya kuhamia Kanada nilikuwa mwangazi wa hali ya hewa, Nyanda za Juu Kusini. Kazi yangu ilikuwa kufungua kibanda cheupe cha Stevenson kila saa, kusoma kipimajoto kikavu na kile chenye utambi, kuandika daftarini, kufunga mlango upesi kabla joto la mwili wangu halijaingia ndani. Niliiheshimu sana ile kazi na naiheshimu mpaka leo. Kwa hiyo nilipofunga kituo changu hapa, nje kidogo ya mji, sikudhani kama kuna kipya cha kujifunza.

Januari ile kituo changu kilikuwa kinasoma chini ya uwanja wa ndege kwa nyuzi 2, usiku baada ya usiku. Nikaongeza 2, nikatulia. Machi zikaja siku za mawingu na upepo, na kituo kikaanza kusoma juu ya uwanja wa ndege kwa nyuzi 2 zile zile nilizoziongeza. Kumbe kihisi kilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nyumba yetu iko kwenye kijibonde karibu na mto. Usiku wa mbingu safi usio na upepo, hewa ya baridi ni nzito, inateremka na kutuama kwetu. Zile nyuzi 2 zilikuwa hali halisi ya pale nilipo, nami nikazifuta nikidhani ni ugonjwa wa kifaa.

Hapo ndipo nilipojiwekea sharti ambalo sijalivunja tena. Kituo kikitofautiana na cha jirani, sababu inaweza kuwa kihisi chenyewe, au makazi ya kihisi (zile sahani nyeupe zinazokikinga, theluji, ukuta ulio karibu nacho), au mahali penyewe. Kuongeza namba kwenye mipangilio kunatibu kihisi tu. Hayo mengine mawili ukiyatibu kwa namba umeandika uongo.

Basi tuanze na kihisi, kwa sababu ndicho unachoweza kukipima mezani.

Sifuri kwanza. Barafu inayoyeyuka ya maji safi iko nyuzi 0, iwe Winnipeg au Mbeya, na huhitaji kununua kitu. Gandisha maji ya betri (yale yaliyotoneshwa, siyo asidi), ponda barafu iwe laini kama ya kuwekea samaki, ijaze kwenye themosi, kisha mimina maji yale yale ya baridi mpaka yajaze nafasi kati ya vipande. Barafu isielee. Wengi wanakosea hapa: wanaweka vipande vitano kwenye glasi ya maji halafu kihisi kinazama mpaka chini. Maji ya nyuzi 4 ndiyo mazito kuliko yote, yanakaa chini kabisa, kwa hiyo juu una sifuri na chini una 3 au 4. Kosa lingine ni kutumia barafu iliyotoka friza sasa hivi, bado haijalowa. Hiyo iko -18. Isubiri ianze kulia maji.

Kihisi chako kitie kwenye mfuko mwembamba wa plastiki uliobanwa hewa yote itoke, kwa sababu kidude cha unyevunyevu kilichomo humo hakitaki kuloa. Zamisha, koroga kila baada ya dakika chache, subiri dakika 20, soma. Rudia mara tatu kabla hujaamini.

Kisha baridi yenyewe. Sifuri haitoshi. Kihisi kinaweza kuwa sahihi kwenye 0 na kikadanganya nyuzi 2 kwenye -30, kwa sababu kosa lake linakua kadiri unavyoshuka. Hapa unahitaji kipimajoto cha rejea chenye cheti, na cheti hicho kiwe kimepimwa kwenye baridi. Nimeona vyeti vizuri vyenye mihuri vinavyoanzia 0 na kuishia 40. Kwa mtu wa Manitoba cheti hicho hakina faida miezi mitano ya mwaka.

Watu hupenda barafu na chumvi. Kitabuni mchanganyiko huo unashuka mpaka -21, ila jikoni mara nyingi unakwama njiani, -15 au -17, kutegemea umechanganya vipi. Usiuchukue kama namba ya kuaminika, uchukue kama beseni la kulinganishia vipimajoto viwili tu.

Mimi natumia maji ya kusafishia kioo cha gari, yale ya buluu yaliyoandikwa -40 au -45 kwenye chupa. Lita nane kwenye deli la plastiki lenye kifuniko, nje kivulini, usiku kucha. Alfajiri kabla jua halijatoka nazamisha kihisi na rejea bega kwa bega kwenye mifuko yao, nakoroga, nasubiri nusu saa, naandika namba zote mbili kila baada ya dakika tano. Maji mengi hayabadiliki joto ghafla, ndiyo maana yanafaa kuliko hewa. ONYO: maji hayo yana methanoli, ni sumu na yanashika moto. Usifanye hivi jikoni, na watoto na mbwa wasisogee.

Makazi na mahali nitayaleta kwenye michango ya chini, nakwenda zamu ya usiku. Karibuni.

#2 Mama Neema

Kaka Mwangazi, asante sana. Niko Edmonton. Mimi joto langu halinisumbui, linanisumbua unyevunyevu. Asubuhi ya -30, miti yote meupe kwa barafu, hewani kunametameta kama vumbi la kioo, kifaa kinasema asilimia 74. Inawezekanaje hewa iliyojaa barafu iwe asilimia 74? Nimeshakirudisha dukani kimoja, cha pili nacho kinasema hivyo hivyo.

#3 Mwangazi wa Zamani

Dada yangu, vyote viwili vilikuwa vinasema kweli.

Kwa utaratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, unyevunyevu wa hewa hupimwa kwa kulinganisha na maji ya kimiminika, hata chini ya sifuri ambako maji yangepaswa kuwa yameganda. Barafu inashika molekuli zake kwa nguvu kuliko maji, kwa hiyo mvuke unaotosha kushibisha hewa juu ya barafu ni mdogo kuliko unaotosha juu ya maji. Hewa ikishiba juu ya barafu, kifaa bado hakioni 100. Kwenye -10 dari ni kama asilimia 91, kwenye -20 ni 82, kwenye -30 ni 75, na kwenye -40 inashuka mpaka 68. Wewe ulikuwa -30 na ukaona 74. Hewa yako ilikuwa imeshiba kabisa, na kihisi kiko vizuri kupita nilivyotegemea.

Ukitaka kifaa kibaya kwenye baridi, tafuta kinachoganda kwenye namba moja siku nzima (mara nyingi kimevikwa barafu), au kinachochelewa mno kufuata mabadiliko. Kuchelewa kidogo ni kawaida, vidude hivi huwa vizito sana kwenye baridi.

Kukihakiki ni kazi ya ndani ya nyumba: chukua chumvi ya mezani, itie maji kidogo iwe kama uji mzito, usiyeyushe yote. Weka kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana pamoja na kihisi, visigusane, uache usiku mzima mahali ambapo joto halibadiliki. Humo ndani unyevunyevu utatulia asilimia 75. Ukipata 72 au 78 kwa kifaa cha nyumbani, ridhika.

#4 FundiSaketi

Mleta uzi umenigusa kazi yangu. Niko Tampere, Finland, natengeneza mifumo ya vihisi kwenye majengo. Naomba niongezee upande wa waya kwa wale wanaojitengenezea kituo wenyewe kwa Pt100 (kihisi cha platini ambacho ukinzani wake wa umeme, unaopimwa kwa oma, hubadilika na joto), kwa sababu nimeona makosa mengi yanayosingiziwa kihisi wakati mwizi ni waya.

Pt100 ina oma 100 kwenye sifuri na inapungua takriban oma 0.39 kwa kila nyuzi. Kwenye -40 inabaki oma 84.27. Sasa chukua waya mbili za shaba, mita 10, unene wa milimita za mraba 0.25. Kwenda na kurudi hiyo ni kama oma 1.4, na kifaa chako kinaihesabu kana kwamba ni joto: kinasoma nyuzi 3.6 juu. Mtu anaona hilo mezani, anaondoa 3.6, anafurahi. Lakini shaba nayo hubadilika kwa joto. Waya ukitoka kwenye +20 ya sebuleni kwenda -35 ya nje, unapoteza zaidi ya sehemu ya tano ya ukinzani wake, na yale marekebisho yako yanakuwa yamezidi kwa nyuzi 0.8. Ndiyo maana tunasisitiza waya nne: mbili zipeleke umeme, mbili zipime, na waya unatoka kwenye hesabu kabisa.

Pia someni daraja la kihisi. Daraja B linaruhusiwa kukosea nusu nyuzi kwenye -40, daraja A linaruhusiwa 0.23. Vyote viwili vinauzwa kama "Pt100 sahihi". Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka kosa lisizidi 0.1 mpaka -40, na chini ya hapo wanakubali 0.3, wakijua wenyewe kwamba hata kwenye vituo vya kitaalamu ni vigumu kufika huko.

Na betri! Alkali ikishapita -20 inachoka, kifaa kinatuma namba za ajabu au kinakatika usiku kisha kinarudi saa tano asubuhi. Ukitazama data unaona kana kwamba usiku haukuwa wa baridi sana, kumbe saa za baridi zaidi hazimo. Wekeni betri za lithiamu.

#5 Mwangazi wa Zamani

FundiSaketi, heshima kwako mkuu. Hilo la betri nililiweka kichwani bila kuliandika. Pengo kwenye data ya baridi karibu kila mara liko upande wa baridi zaidi. Ukipiga wastani juu ya pengo, umepasha joto majira yako ya baridi bila kujua.

Sasa makazi ya kihisi.

Zile sahani nyeupe zilizopangwa zinazuia jua linalotoka juu na pembeni. Theluji inaleta jua kutoka chini. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, na huo mwanga unaingia kwa chini kati ya sahani. Mwezi mbaya ni Machi: jua limeshapanda, theluji bado ipo. Siku isiyo na upepo unaweza kuona kituo kimepanda nyuzi 2 au zaidi juu ya joto la kweli la hewa, kisha upepo ukivuma dakika kumi kinashuka chenyewe. Ukiona mchoro wako wa mchana unaruka hivyo kila upepo unapokuja na kuondoka, tatizo ni makazi. Dawa ni feni ndogo ya kuvuta hewa ipite kwenye kihisi muda wote.

Usiku ni kinyume. Sahani zinapoteza joto kuelekea mbinguni, zinakuwa baridi kuliko hewa, na kihisi kinasoma chini kidogo. Theluji ikijaza nafasi kati ya sahani, au ukungu ukigandia humo, hewa haipiti tena. Umefunga kihisi kwenye kopo la barafu, na mchoro unakuwa laini, mvivu, hauna kishindo. Mchoro ukinilainikia ghafla, jambo la kwanza navaa buti nikapige mlingoti kwa mkono.

Tena pimeni urefu. Kihisi ulichokifunga mita 1.5 kutoka ardhini, theluji ikifika sentimita 60, kipo sentimita 90 tu juu ya uso wa baridi. Kipandishe, au angalau andika kina cha theluji kila siku ili anayesoma baadaye ajue.

Na mahali: ukitaka kujilinganisha na uwanja wa ndege, usichague usiku safi mtulivu. Usiku huo kila kijibonde kina baridi yake, tofauti ya nyuzi 5 kati ya sehemu mbili za mji ni jambo la kawaida. Chagua siku ya mawingu mazito na upepo, ambapo hewa yote imechanganyika. Kusanya siku kumi za namna hiyo, siyo moja, na kumbuka ripoti za uwanja wa ndege hukata joto kwenye nyuzi nzima, kwa hiyo nusu nyuzi hapa na pale siyo ugomvi. Kama siku hizo za upepo mnakubaliana na usiku mtulivu mnaachana, kihisi chako ni kizima. Unachokiona ni bonde lako.

#6 Kijana wa Mbagala

Kwa heshima tu mkuu, mimi niko Toronto, naangalia simu, simu inaniambia -18, navaa koti natoka. Kuna haja gani ya kubeba ndoo za sumu alfajiri?

#7 Mwangazi wa Zamani

Swali la haki, mdogo wangu, nalijibu kwa uzito wake.

Namba ya simu mara nyingi ni hesabu ya kompyuta, na hesabu hiyo inaanzia kwenye vipimo vya vituo. Kwa kuvaa koti inatosha. Ila kuna siku namba yenyewe ndiyo kitu pekee kitakachobaki.

Tarehe 3 Februari 1947, kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Snag, Yukon, karibu na mpaka wa Alaska, waangazi walifungua kibanda wakakuta spiriti kwenye kipimajoto imeshuka chini ya alama ya mwisho. Kipimajoto kiliishia -80 za Farenhaiti. Zebaki isingewasaidia kitu, hiyo huganda kwenye -38.8 za Selsiasi, ndiyo maana vipimajoto vya baridi kali ni vya spiriti. Hawakukisia. Walitia alama kwenye kioo pale spiriti ilipofika, na kipimajoto kikapelekwa Toronto kikahakikiwe. Baada ya uhakiki ndipo ikakubaliwa -81.4, yaani -63.0 za Selsiasi, na mpaka leo ndiyo rekodi ya baridi ya Kanada. Watu wanakumbuka namba, mimi nakumbuka ile alama kwenye kioo. Bila alama ile na bila uhakiki wa baadaye tungekuwa na hadithi tu ya wazee.

Au kituo cha Klinck, juu ya barafu ya Greenland, mita 3,105. Tarehe 22 Desemba 1991 kilipima -69.6 bila mtu yeyote pale. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikuja kuithibitisha mwaka 2020, karibu miaka 29 baadaye, baada ya wataalamu kupekua data na historia ya vifaa. Iliwezekana kwa sababu kulikuwa na historia ya kupekua.

Sisemi nyumba yangu ni Snag. Nasema nikifa leo, mtu akichukua daftari langu, nataka ajue kila namba ilitoka kwenye kihisi gani, kimehakikiwa lini, kilikosea kiasi gani.

#8 Kijana wa Mbagala

Nimekuelewa kaka. Naomba radhi kama nilikosea namna ya kuuliza. Ile ya Snag sikuwahi kuisikia.

#9 Makete Juu

Habari za huko baridini ndugu zangu. Mnashangaa -30, sisi Makete shida yetu ni sifuri. Juni na Julai viazi vinaungua na jalidi kwa usiku mmoja. Kikundi chetu kina kituo, kiko juu ya mlingoti mita 2. Asubuhi majani meusi, nasoma kituo kimeandika kiwango cha chini kabisa 3.4. Wenzangu wamesema kituo ni kibovu, wanataka kukiuza. Mwangazi, wewe ni mtu wa kwetu, tusaidie.

#10 Mwangazi wa Zamani

Ndugu yangu, msikiuze! Nakuomba kabisa.

Kile kituo kinapima hewa ya mita 2, na viazi vyenu haviishi mita 2. Usiku safi usio na upepo majani yanatoa joto lao kwenda mbinguni na yanakuwa baridi kuliko hewa ya juu yake, nyuzi 4 au 5 siyo ajabu. Sisi vituoni tulikuwa na kipimajoto cha spiriti kinacholazwa karibu na majani mafupi, wazi, bila kibanda, kwa ajili ya jambo hili tu. Asubuhi tulikuwa tunasoma kibandani 4 na pale chini -1, na vyote viwili sahihi.

Tafuteni kihisi cha pili cha bei nafuu, mkilaze usawa wa majani ya viazi, katikati ya shamba, siyo pembeni penye miti. Kabla ya kukilaza, kihakiki kwa barafu inayoyeyuka kama nilivyoeleza pale juu. Mimi nahitaji kujua -30, ila kwenu sifuri ndiyo kila kitu, kwa hiyo themosi moja ya barafu inawatosha. Kikisoma 0.3 kwenye barafu, andikeni kwenye karatasi mbandike ndani ya kifuniko: "toa 0.3". Rudieni kila Mei kabla ya msimu.

Mkitumia cha spiriti, mkiangalie vizuri kama uzi wa spiriti haujakatika. Spiriti huvukizwa na jua mchana, inakwenda kugandia kule juu ya kioo, na kipimajoto kinasoma chini kuliko ukweli. Nimewahi kukuta kimoja kimebeba nyuzi 2 nzima juu kwenye ncha. Kishikwe wima na kukung'utwa taratibu mpaka uzi uungane.

#11 Nyandarua Kwetu

Hata sisi huku Nyandarua baridi ya alfajiri huchoma viazi. Asante kwa somo, mzee. Swali: kipimajoto cha rejea chenye cheti tutapata wapi? Huku wauzaji wanasema tu "ni original".

#12 Mwangazi wa Zamani

Nairobi mna bahati. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina maabara ambayo ni kituo cha kanda cha vifaa cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kati ya vichache vilivyopo Afrika nzima. Ulizeni kwa jina la chama chenu cha ushirika, kikundi husikilizwa kuliko mtu mmoja. Omba cheti kitaje sifuri na angalau namba moja chini ya sifuri.

#13 Mama Neema

Kaka, na theluji yenyewe inapimwaje? Kipimamvua changu kilikaa sifuri wiki nzima ya theluji, halafu siku ya jua kikaandika milimita 9 mbingu ikiwa safi.

#14 Mwangazi wa Zamani

Hilo ndilo gumu kuliko yote, na sina dawa kamili.

Kilichotokea kwako: theluji ilikaa kwenye faneli, jua likaiyeyusha, kijiko cha ndani, kile kinachohesabu mvua kila kinapojaa na kupinduka, kikaanza kupinduka. Futa siku hiyo kama mvua, iandike kama maji ya theluji ya wiki iliyopita, na hata hiyo ni pungufu, kwa sababu nyingine ilipeperushwa.

Upepo ndio adui. Unapokutana na mdomo wa kipimamvua unanyanyuka, na chembe za theluji ni nyepesi, zinapita juu. Upepo wa mita 5 au 6 kwa sekunde unaweza kukunyang'anya nusu ya theluji yote au zaidi kama hakuna uzio. Kwenye majaribio makubwa ya kimataifa ya kulinganisha vipima theluji, ambayo yalikuwa na viwanja hapa Kanada, Sodankylä kule kwa FundiSaketi, Haukeliseter Norway na kwingineko, kipimo cha rejea kilizungushiwa nyua mbili za mbao zenye pembe nane, ya nje kipenyo cha mita 12. Ukubwa wa nyumba, kwa kulinda ndoo moja! Sisi wa nyumbani tupime kwa ubao mweupe ulalao chini mahali palipokingwa upepo, tukate theluji kwa kopo, tuyeyushe, tupime maji.

Kijiko chenyewe kihakikini Oktoba: kama faneli ni sentimita za mraba 200, mililita 20 za maji ni milimita 1. Mimina mililita 200 polepole, kwa nusu saa, kisome 10. Ukimimina haraka kitakosa, maji mengine hupita wakati kijiko kinapinduka.

#15 FundiSaketi

Naongezea upepo: kipimaupepo cha vikombe kikisoma 0.0 saa nne mfululizo huku matawi yanacheza, kimeganda, andikeni "hakuna data", msiandike "shwari". Na grisi ya beringi ikiwa nzito kwa baridi, upepo mdogo hautakizungusha hata kama hakina barafu. Zungusha kwa kidole nje kwenye baridi, siyo sebuleni.

#16 Mwanakondoo

Wakuu, mimi barometa yangu ya Winnipeg inapishana na uwanja wa ndege hektopaskali 5 za mgandamizo wa hewa siku za baridi tu. Kiangazi tuko sawa. Imekufa?

#17 Mwangazi wa Zamani

Haijafa. Kwanza angalia unalinganisha na namba gani. Uwanja wa ndege upo mita 239 juu ya usawa wa bahari na unatoa namba mbili, zote zimehesabiwa kana kwamba uko usawa wa bahari. Ya marubani inadhani joto la hewa ni la kawaida la kitabu. Ile ya ramani za hali ya hewa inatumia joto halisi la saa 12 zilizopita. Hewa ya -30 ni nzito, kwa hiyo zile mita 239 za hewa unazoziongeza kwa hesabu zina uzito zaidi, na namba hizo mbili zinaweza kuachana hektopaskali 4 au 5. Kiangazi zinakaribiana. Linganisha mgandamizo wa pale pale ulipo, kabla ya kushushwa baharini, na utaona mambo yametulia.

#18 Makete Juu

Wakuu, na Kilimanjaro nako si kuna kituo kwenye barafu? Wanahakiki vipi kule?

#19 Mwangazi wa Zamani

Kipo. Chuo Kikuu cha Massachusetts kiliweka kituo cha kujiendesha mwaka 2000 kwenye uwanja wa barafu wa kaskazini, karibu mita 5,800. Matatizo ninayoyaeleza hapa, kule yamezidishwa: hewa ni nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo haina nguvu ya kupooza kihisi kilichopigwa na jua, na barafu inarudisha jua kutoka chini. Isitoshe barafu yenyewe inayeyuka, uso unashuka, na kihisi kinajikuta kiko juu kuliko ulivyokiacha. Anayepanda kule lazima aende na futi yake.

#20 Mwangazi wa Zamani

Mrejesho.

Leo alfajiri nilikwenda kwa yule ndugu wa -37 na deli langu nyuma ya gari. Kwanza nilimwomba afute zile nyuzi 3 alizoongeza, akakubali. Barafu tuliipima jana jioni mezani kwake: kihisi chake kilisoma -0.4. Leo nje, maji ya buluu yakiwa -31.2 kwa rejea yangu, chenyewe kilisoma -33.3. Kosa la 0.4 kwenye sifuri limekua mpaka 2.1 kwenye -31.

Kwa hiyo asubuhi ile ya mabishano, alipoona -37, kwake kulikuwa karibu -34.7. Angebaki na zile 3, Julai hii angekuwa anasoma nyuzi mbili na nusu au zaidi juu kila siku na asijue. Tumemwandikia jedwali dogo la marekebisho, 0, -10, -20, -30, na mtoto wake wa darasa la sita ndiye aliyekuwa anasoma namba na kuandika. Aliuliza kwa nini tunasubiri nusu saa. Nilimweleza, akasubiri nusu saa nyingine peke yake kuona kama namba itabadilika. Haikubadilika.

Jumamosi tunakwenda kwa yule wa -29. Picha aliyonitumia inaonyesha kihisi kimefungwa ukutani, kama mita moja kutoka kwenye tundu la mashine ya kukaushia nguo. Nimemwambia asikiguse kwanza mpaka tufike, nataka tupime pale pale kilipo halafu tukihamishe, ili tujue ni nyuzi ngapi zilikuwa za ule ukuta.